Fainali ya Tano: Ivan Lendl Mchezaji na Ivan Lendl Kocha

Mwezi uliopita mzazi mmoja alikuja uwanjani tunapofundishia, akaketi kwenye benchi chini ya mwarobaini akimtazama mwanawe anavyopiga mipira ya mkono wa nyuma, na tulipopumzika kunywa maji akaniuliza kwa adabu lakini bila kuzunguka: "Samahani kocha, enzi zako wewe mwenyewe ulichukua kombe gani?" Nikamjibu ukweli, kwamba sikuchukua lolote la kutajika. Nilianza nikiwa muokota mipira, nikajifunza kucheza kwa raketi za kuazima, nikafika mahali nikatambua kuwa ninachokiweza zaidi ni kufundisha. Hakuridhika sana, nami simlaumu, kwa kuwa swali lake ni la haki na wengi wetu katika kazi hii hulikwepa. Mchezaji mkubwa anapogeuka kocha, ni kitu gani hasa kinachotoka kwake kikamwingia mwanafunzi? Kipaji hakigawanywi kama andazi.

Kila ninapolifikiria jambo hilo, mtu ninayemrejea ni mchezaji wa tenisi Ivan Lendl. Alikuwa namba moja wa dunia kwa jumla ya wiki 270, akafika fainali 19 za Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya kila mwaka, na kushinda 8 kati yake, akastaafu Desemba 1994, akakaa pembeni kwa miaka 17, kisha akaingia kazini kama kocha bila kuwahi kumfundisha mchezaji mwingine wa kulipwa, na haikutimia miezi tisa kabla ya mwanafunzi wake kuwa bingwa. Wengi hueleza mafanikio hayo kwa kusema kwamba bingwa hufundishwa na bingwa. Mimi naona sivyo. Alichokwenda nacho Lendl kwenye kiti cha kocha hakikuwa ubingwa wake, bali ile miaka mitatu ambayo kila alipofika fainali kubwa alishindwa.

Alizaliwa mwaka 1960 mjini Ostrava, katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia wakati huo, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Mama yake, Olga, alikuwa mchezaji wa tenisi wa ngazi ya juu aliyewahi kushika nafasi ya pili nchini mwake, na baba yake, Jiří, mwanasheria, naye alikuwa mchezaji. Inasimuliwa kwamba mama alipokuwa akifanya mazoezi alimfunga mtoto kwa kamba kwenye nguzo ya wavu ili asitangetange. Sisi tuliozoea kuona watoto wakibebwa mgongoni mama akiendelea na shughuli zake hatuwezi kushangaa sana. Ninachokiona mimi katika kisa hicho ni mtoto aliyekulia mahali ambapo tenisi ilikuwa kazi ya nyumbani, yenye saa zake na jasho lake. Mwaka 1978 alishinda taji la vijana mjini Paris na la Wimbledon pia, na mwaka huohuo akaanza kucheza kwa malipo. Mwaka 1980 aliiongoza Chekoslovakia kushinda Kombe la Davis, mashindano ya timu za mataifa, kwa kuifunga Italia mjini Praha.

Kisha zikaja fainali. Mwaka 1981 alifika ya kwanza, Roland Garros mjini Paris, akampeleka Björn Borg hadi seti ya tano kabla ya kushindwa. Mwaka 1982 alifika fainali ya US Open, akafungwa na Jimmy Connors. Mwaka 1983 akarudi New York, akakutana na Connors yuleyule, na safari hii seti ya nne, ambayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho, iliisha 6-0. Mwisho wa mwaka huo alikuwa Melbourne kwenye fainali ya Australian Open, akafungwa na Mats Wilander. Fainali nne, na zote nne alishindwa. Ikumbukwe kwamba katika kipindi hichohicho alikuwa akishinda mashindano mengine kwa wingi wa kutisha, na aliwahi kwenda mechi 44 mfululizo bila kufungwa. Hakuwa mtu asiyejua kucheza. Ndiyo maana maneno ya watu yalikuwa makali zaidi: walisema ana mkono lakini hana moyo. Connors alikuwa amekwisha kumwita mwoga hadharani, akidai kwamba katika mashindano ya mwisho wa msimu alijilegeza kwa makusudi ili asipangwe na Borg katika nusu fainali.

Fainali ya tano ilichezwa Roland Garros tarehe 10 Juni 1984, na mpinzani alikuwa John McEnroe. Kwa msomaji ambaye hakumwona McEnroe wa mwaka ule, niseme hivi: alikuwa hajafungwa mechi hata moja tangu Januari, ameshinda 42, na hadi mwaka unaisha alishindwa mara tatu tu. Alikuwa akipiga sevu, yaani pigo la kuanzisha pointi, ya mkono wa kushoto inayomtoa mpokeaji nje ya uwanja, kisha anaukimbilia wavu na kuumalizia mpira kwa mguso mwepesi kama mtu anayefunga mlango wa kabati. Alichukua seti ya kwanza 6-3 na ya pili 6-2. Katika seti ya tatu, kelele za chombo cha masikioni cha mpiga picha mmoja pembeni mwa uwanja zilimkera, akamwendea, akakichukua chombo chenyewe na kukifokea. Watu huikumbuka hadithi hiyo kana kwamba ndiyo iliyoamua mechi. Mimi nimeirudia mechi ile mara nyingi, na ninachokiona ni kitu kisicho na kelele: Lendl aliendelea kufanya lilelile. Alirudisha mipira chini, miguuni mwa McEnroe, akampitishia pembeni alipokaribia wavu, akampandishia mipira mirefu yenye mzunguko mkali ili kumrudisha nyuma. McEnroe alipoongoza 4-2 katika seti ya nne, Lendl hakuubadilisha mpango. Akashinda seti hiyo 7-5, na ya tano 7-5 vilevile, pale voli ya McEnroe, mpira alioupiga kabla haujadunda, ilipotoka nje.

Taji la kwanza halikumtuliza. Miezi mitatu baadaye McEnroe alimfunga katika fainali ya US Open, na hapo ndipo Lendl alipoanza kuyapanga upya maisha yake yote, jambo ambalo naliona ndilo hasa lililomtengeneza kocha wa baadaye. Alimchukua Tony Roche wa Australia, bingwa wa Roland Garros wa mwaka 1966, awe kocha wake. Alibadili mlo wake kwa ushauri wa mtaalamu wa lishe, akapunguza mafuta na kuongeza vyakula vya wanga, wakati ambapo wachezaji wengi walikuwa bado wanakula walichokikuta mezani. Aliendesha baiskeli masafa marefu ili kujenga pumzi. Alibadilisha raketi kila mipira ilipobadilishwa katikati ya mechi, ili nyuzi zisilegee akiwa mchezoni, na mfukoni alitembea na unga wa mbao wa kukaushia kiganja. Aliponunua nyumba Greenwich, jimbo la Connecticut, aliwaita mafundi walewale waliotengeneza viwanja vya US Open waje kumjengea uwanja wa aina hiyohiyo nyuma ya nyumba, ili atakapofika New York mguu wake usikutane na kitu kigeni.

Hilo la uwanja nalisisitiza kwa wanafunzi wangu hadi wananichoka. Sisi hatuna mafundi wa kuwaita, lakini mtoto anayekwenda kushindana kwenye uwanja wa udongo ilhali maisha yake yote amecheza kwenye saruji, na hakupata hata asubuhi moja ya kuuzoea, amekwisha kupoteza gemu mbili kabla mwamuzi hajaketi. Mpira kwenye udongo hupungua mwendo na kupanda juu zaidi, mguu huteleza kabla ya kusimama, na pigo ambalo kwenye saruji linamaliza pointi, kwenye udongo linarudi. Mambo hayo hayajulikani kwa kuelezwa ubaoni.

Mwaka 1985 Lendl alimfunga McEnroe katika fainali ya US Open kwa seti tatu mfululizo, na kuanzia Septemba ile hakuachia nafasi ya kwanza ya dunia kwa wiki 157. Alishinda US Open mara tatu mfululizo, Roland Garros mara tatu kwa jumla, na Australian Open mwaka 1989 na 1990. Alifika fainali ya US Open miaka minane mfululizo, kuanzia 1982 hadi 1989. Mataji yake yote kwa jumla ni 94. Namna yake ya kucheza, ya kukaa nyuma ya mstari na kuvunja mchezo kwa mkono wa mbele wenye nguvu na mzunguko, leo tunaiona kwa karibu kila mchezaji, hivyo kijana anayeitazama video ya Lendl haoni kitu kipya. Wakati ule ilikuwa mpya.

Watu hawakumpenda. Alikuwa hatabasamu, alijibu waandishi kwa ufupi, na kama mpinzani alisimama kwenye wavu hakuona aibu kumlenga mwilini. Wamarekani walimwona baridi, na nyumbani kwao wakuu wa michezo walikosana naye baada ya kwenda kucheza mechi ya maonyesho Sun City mwaka 1983, wakati Afrika Kusini ilikuwa imetengwa kimichezo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Hilo la Sun City mimi kama Mwafrika simtetei hata kidogo. Mwaka 1992 akawa raia wa Marekani.

Kuna taji moja ambalo hakulipata. Nyasi za Wimbledon zilimshinda: alifika fainali mwaka 1986 akafungwa na Boris Becker, akafika tena 1987 akafungwa na Pat Cash. Mwaka 1990 aliamua hata kutokwenda Roland Garros, mahali aliposhinda mara tatu, ili apate majuma ya kutosha kwenye nyasi. Akashinda mashindano ya Queen's jijini London kwa ubora wa kupendeza, kisha Wimbledon akaishia nusu fainali mbele ya Stefan Edberg. Mtu aliyezoea kupata kila alichokitolea jasho alikutana na kitu ambacho jasho peke yake halikukileta. Nadhani hilo nalo lilikuwa sehemu ya mzigo aliokwenda nao kwenye ukocha.

Na kuna mechi moja ninayotaka msomaji aishike kichwani kwa ajili ya baadaye: fainali ya US Open ya mwaka 1988, ambapo Wilander alimfunga Lendl kwa seti tano na kumnyang'anya taji pamoja na nafasi ya kwanza ya dunia kwa mpigo mmoja. Ilichukua saa 4 na dakika 54.

Baada ya mgongo kumlazimisha kustaafu akiwa na miaka 34, Lendl alihamia kwenye gofu kwa bidii ileile, akakusanya mabango ya msanii Alphonse Mucha, na kulea mabinti watano. Tarehe 31 Desemba 2011 ikatangazwa kwamba atamfundisha Andy Murray wa Uskoti. Murray alikuwa na miaka 24, mtoto wa mama aliyekuwa kocha wa tenisi, na alikuwa amekwisha kucheza fainali tatu za Grand Slam na kushindwa zote bila kupata hata seti moja: mbili mbele ya Roger Federer na moja mbele ya Novak Djokovic. Mambo ambayo magazeti ya Uingereza yaliandika juu yake, Lendl alikuwa ameyasoma juu yake mwenyewe miaka thelathini nyuma.

Hapa inabidi nieleze kidogo kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu watazamaji wengi wa mpira wa miguu hudhani kocha wa tenisi hufanya kama kocha wao, anasimama pembeni akipiga kelele. Wakati ule kanuni zilikataza kabisa kocha kumwelekeza mchezaji wa kiume mechi ikiendelea. Ruhusa ilianza kutolewa kwa majaribio katikati ya mwaka 2022. Kwa hiyo kazi yote ya Lendl ilipaswa kukamilika kabla ya Murray kuvuka mlango wa uwanja, na kilichobaki kwake wakati wa mechi ni uso tu. Murray alikuwa na tabia ya kujikasirikia, kujishika mgongo na mguu, na kuwageukia watu wake jukwaani akiwafokea kila mpira ulipotoka. Sasa alipogeuka aliona sura iliyoketi kama jiwe la mpaka. Haikucheka, haikununa, haikupiga makofi. Nimewahi kusikia makocha wenzangu wakiita huo ubaridi. Mimi nadhani ni ufundi: mchezaji akitafuta pa kutupia hasira na asipate, inambidi arudi kwenye mpira.

Kiufundi mabadiliko yalikuwa machache. Murray alikuwa mlinzi bora, anayefika kila mahali na mwenye mkono wa nyuma uliokuwa miongoni mwa mikono bora kabisa duniani, lakini katika pointi kubwa alirudi nyuma na kusubiri mpinzani akosee. Federer na Djokovic hawakosei kwa kusubiriwa. Mkono wake wa mbele ulianza kupigwa mapema zaidi na kwa nguvu zaidi, hasa kuvuka uwanja, na sevu yake ya pili, iliyokuwa laini kiasi cha kumwalika mpinzani ashambulie, ikaanza kutiwa nguvu. Mtu akiandika hivi inaonekana rahisi. Kwa kweli kumwambia mlinzi ashambulie akiwa nyuma kwa pointi ni kumwambia mtu anayezama aache kushika mti aanze kuogelea, na mara kumi za kwanza atakunywa maji.

Alikunywa, Julai 2012. Katika fainali ya Wimbledon alichukua seti ya kwanza dhidi ya Federer, seti yake ya kwanza kabisa katika fainali ya Grand Slam, kisha akafungwa tatu zilizofuata, na alipopewa kipaza sauti akalia mbele ya uwanja mzima. Ilikuwa fainali yake ya nne, na alikuwa amefikisha idadi ileile ya Lendl. Murray mwenyewe alikuja kueleza kwamba baada ya mechi ile Lendl alimwambia anajivunia namna alivyocheza, kwa kuwa safari hii alipopata nafasi alizikimbilia. Kocha mwingine angempa pole, na mwingine angemwonyesha makosa. Lendl alikagua uamuzi, si matokeo. Nami sidhani kama mtu ambaye hajawahi kushindwa fainali nne angeweza kusema maneno hayo yakaaminika.

Niruhusiwe kuingiza kisa kidogo cha kwangu. Mtoto wa yule mzazi wa benchini, mwezi mmoja kabla ya swali lile, aliongoza 5-2 katika seti kwenye mashindano ya vijana, akaja kushindwa 7-5. Alitoka uwanjani akijifuta machozi kwa fulana, na mimi, badala ya kumzungumzia gemu tano zilizomponyoka, nikamuuliza kuhusu mpira mmoja tu: ule wa 5-4, pointi ya seti, alipoingia ndani ya mstari akaupiga kwa mkono wa mbele hadi kona, ukatoka nje kwa upana wa kiganja. Nikamwambia huo ndio mpira wake bora wa siku. Aliniangalia kama mtu anayedhihakiwa. Kesho yake tulianza mazoezi na mpira huohuo, kutoka mahali palepale, tukaupiga hadi jua likawa kali.

Turudi kwa Murray. Majuma manne baada ya machozi yale, tarehe 5 Agosti, alirudi kwenye uwanja uleule wa Wimbledon katika fainali ya Michezo ya Olimpiki na kumfunga Federer 6-2, 6-1, 6-4. Ukiitazama mechi ile, sikiliza mkono wa mbele. Mlio wake umebadilika. Kisha ikaja fainali yake ya tano ya Grand Slam, US Open, dhidi ya Djokovic, Jumatatu ya tarehe 10 Septemba. Kwetu huku ilianza saa tano usiku. Nilikuwa na mlinzi wa jengo na redio yake, sote tukitazama televisheni ndogo, yeye akiuliza kila mara kwa nini hawa watu hawachoki. Upepo ulikuwa mkali, mpira ukihama hewani. Murray alichukua seti ya kwanza kwa taibreka ndefu, ile gemu ya kuamua seti inapofika 6-6, akachukua ya pili 7-5, kisha Djokovic akarudisha zote mbili. Kabla ya seti ya tano Murray aliomba kwenda msalani, na baadaye alisimulia kwamba huko alijiangalia kwenye kioo na kujisemesha kwa sauti kwamba hatakubali mechi hii imponyoke. Akashinda seti hiyo 6-2. Ilikuwa inakaribia saa kumi alfajiri. Saa za uwanjani zilionyesha mechi imechukua saa 4 na dakika 54, sawasawa kabisa na ile ambayo kocha wake aliipoteza katika mashindano yaleyale mwaka 1988.

Mwaka uliofuata fainali ya Wimbledon iliangukia tarehe 7 Julai, nasi Watanzania hatuwezi kuisahau tarehe hiyo, kwa sababu ilikuwa Sabasaba, na Uingereza ilikuwa imesubiri bingwa mwingine wa kiume kwa miaka 77 tangu Fred Perry ashinde mwaka 1936. Murray aliongoza seti mbili kwa bila, akawa 5-4 katika ya tatu, akianzisha yeye, na akafika 40-0. Pointi tatu za ubingwa, na zote tatu zikamponyoka. Djokovic naye akapata nafasi za kuvunja sevu ile, yaani kuichukua gemu iliyoanzishwa na Murray, mara moja, mara mbili, mara tatu. Gemu ile naiita darasa zima la ukocha, kwa kuwa Murray wa zamani angerudi nyuma ya mstari na kungoja, na huyu aliendelea kupiga. Mpira wa nyuma wa Djokovic ulipoishia wavuni katika pointi ya nne ya ubingwa, Murray alipanda jukwaani kuwakumbatia watu wake, na Lendl, mtu ambaye Wimbledon ilimkataa maisha yake yote, kwa mara moja alionekana akitabasamu.

Waliachana Machi 2014. Kufikia hapo, mastaa wa zamani walikuwa wakitafutwa kila kona: Djokovic alikuwa na Becker, Federer alikuwa na Edberg, Kei Nishikori alikuwa na Michael Chang, Marin Čilić alikuwa na Goran Ivanišević. Wengine walifanikiwa sana. Čilić alishinda US Open mwaka huo. Murray alimchukua Amélie Mauresmo wa Ufaransa, akakaa naye hadi mwaka 2016, na Juni ya mwaka huo akamrudia Lendl. Mwezi mmoja baadaye alishinda Wimbledon tena kwa kumfunga Milos Raonic, ambaye mmoja wa washauri wake kwenye nyasi alikuwa McEnroe. Wazee wa tenisi walipoliona jambo hilo walicheka, kana kwamba Paris ya 1984 inachezwa upya kwa kutumia miguu ya vijana. Novemba Murray akawa namba moja wa dunia.

Nisingekuwa mkweli kama ningeacha upande wa pili. Alexander Zverev wa Ujerumani alimchukua Lendl Agosti 2018, akashinda mashindano ya mwisho wa msimu jijini London mwaka huo kwa kuwafunga Federer na Djokovic siku mbili mfululizo, na bado haikufika mwaka wakawa wameachana, kijana akilalamika hadharani kwamba mawazo ya kocha wake yako zaidi kwenye gofu. Mimi nilipokuwa nikisoma habari zile niliwaza kwamba Zverev hakuwa amefika mahali pa Murray. Hakuwa na rundo la fainali zilizopotea, kwa hiyo sehemu kubwa ya alichonacho Lendl haikuwa na mahali pa kuingia. Murray mwenyewe alimrudia mara ya tatu mwaka 2022, akiwa na nyonga ya chuma baada ya upasuaji, na hadi walipoagana Novemba 2023 hakuna taji la ngazi ya juu lililopatikana. Mfupa hauna kocha.

Murray alistaafu katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, na kabla mwaka haujaisha ikatangazwa kwamba yeye sasa ndiye atakayekuwa kocha wa Djokovic, mtu yuleyule ambaye Murray alimfunga katika fainali zile mbili, ya New York na ya Wimbledon. Ushirikiano wao ulidumu hadi Mei 2025 tu. Lakini Januari, katika Australian Open, makocha walipowekewa viti pembeni mwa uwanja na ruhusa ya kuzungumza, nilijikuta nikikitazama kiti cha Murray kuliko mpira. Djokovic ni mtu wa kuwafokea watu wake mambo yanapokwenda mrama, kama Murray alivyokuwa, na katika robo fainali dhidi ya Carlos Alcaraz alianza kwa kupoteza seti akiwa ameumia mguu. Akashinda tatu zilizofuata. Mechi ilipokwisha alitembea moja kwa moja hadi kwenye kona ile, na wakakumbatiana kwa muda mrefu juu ya ukingo wa uwanja.